Vituo vya Mtoto Safarini

SWALI: Mhariri, tunasafiri kwa gari kutoka Malindi hadi Nairobi na mwanangu wa miaka saba. Tumpumzishe wapi?
Mama msomaji, Malindi

JIBU: Mama, ingawa Gede ni karibu mno, anzeni hapo, kwa kuwa mtoto aliyekimbia kati ya kuta za mawe ya matumbawe za mji uliohamwa karne ya 17, huku kima wakiikodolea macho ndizi yake (aishike sana), atatulia hadi Mombasa. Kilifi nunueni korosho tu. Mkikaribia Voi, atafute dirishani ndovu waliojipaka udongo mwekundu wa Tsavo, ila msishuke. Chakula cha mchana kiwe Mtito Andei, takriban nusu ya njia baina ya Mombasa na Nairobi.