Wadogo zangu wa fildi hapa ustawi wa jamii hospitalini, tuelewane kabla ya raundi ya Jumatatu

Juzi nimemsikia kijana wetu wa fildi akimwambia mama mmoja wa kisiwa cha Ukara, anayeombea mgonjwa wake msamaha wa bili, "Rudi kijijini ukalete barua ya mtendaji." Kijana mwenyewe kapanga Nyegezi, Ukara anaiona kwenye ramani. Mama apande meli ya Mwanza hadi Nansio, atafute gari mpaka Bugolora, avuke hadi Ukara, kisha safari yote hiyo airudie, na mgonjwa wake kabaki wodini peke yake. Wakati mtendaji ana simu! Mbele ya mama nilinyamaza. Hapa sinyamazi.

1. Kazi imebadilika. Zamani ustawi wa jamii tuliitwa bili ikishashindikana: unahoji, unajaza fomu, unagonga muhuri wa msamaha, unarudi kwenye chai yako. Sasa daktari anataka kujua mapema mgonjwa akiruhusiwa ataenda wapi na nani atamhudumia, na watu wa bima wanauliza kwa nini bado yuko kitandani. Marekani mabadiliko haya yaliletwa na hela: mwaka 1983 Medicare, bima ya serikali yao kwa wazee, ilianza kuzilipa hospitali kiwango maalumu kwa aina ya ugonjwa, basi kila siku ya ziada kitandani ikawa hasara ya hospitali, na wasimamizi wa wagonjwa, wale wanaopanga mgonjwa atatokaje na ataenda wapi, wakawa watu wa kutafutwa. Kwetu kinachotusukuma ni vitanda. Rufaa za Kanda ya Ziwa haziishi, na aliyepona akikosa nauli analala palepale.

2. Safari ya kurudi ipangwe siku mgonjwa anapolazwa. Hili nililipia mwenyewe. Tulikuwa na mvuvi wa dagaa kutoka visiwa vya Ukerewe, anatapika damu. Kichocho cha tumbo kilikuwa kimeharibu ini, mishipa ya damu ya koo la chakula imevimba. Akafungwa mishipa kwa endoskopi, ile kamera ya kupitishwa mdomoni, akaandikiwa propranolo ya kupunguza presha ya mishipa hiyo, akatakiwa arudi baada ya wiki chache afungwe tena, maana mara moja haitoshi. Msamaha niliuhangaikia mimi, ukapita, nikatembea koridoni kifua mbele. Tarehe ya kliniki nikaisoma kwenye kalenda ya ukutani, nikamwandikia kwenye kadi, tukaagana.

Hakurudi. Nikapiga simu, haipatikani. Kwenye faili nikaandika "mtoro", neno ambalo leo mkiliandika nitawafutia mbele ya wote. Akaja kuletwa alfajiri kwa mtumbwi wa injini, kalegea, mweupe machoni, damu ya kumwongezea tunaiomba huku na huku. Shemeji yake akaniuliza, "Dada, dagaa unawajua mezani tu?" Ile tarehe niliyompa ilikuwa katikati ya giza. Dagaa huvuliwa kwa taa, mwezi usipokuwepo. Mbalamwezi ikiwaka ndipo wavuvi wanapumzika na kutengeneza nyavu. Mtu mwenye deni la mwenye mtumbwi nilimtaka aache kazi siku zenyewe za kupata, aje Mwanza kwa nauli ambayo bado iko majini. Na ile namba ya simu ilikuwa ya tajiri wake, yuko kambi nyingine isiyo na mtandao. Yote hayo angenieleza kwa dakika tano. Sikumuuliza, nilikuwa bize na muhuri. Alipona, lakini sehemu yake ya nyavu iliuzwa, na mimi yule shemeji sikuweza kumtazama usoni.

3. Namba za simu mbili, moja ya mtu anayelala nchi kavu. Mwenye duka la mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga, anafaa sana.

4. Wa Sengerema na Geita msiwapangie kama enzi za kivuko. Daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa Juni 2025, kwa hiyo kliniki ya asubuhi inawezekana kwa wengi wao. Ila ulizeni nauli. Daraja halilipi bodaboda.

5. Mtu wa kisiwani haruhusiwi Ijumaa jioni mpaka tujue atalala wapi. Daktari akifoka, mleteni kwangu. Na aliyechukua pedi ya wino kwenye droo yangu airudishe leo, kuna wazee wa miaka 60 na zaidi wanaosubiri muhuri wa msamaha, wako kwenye benchi tangu asubuhi.