Ndege wahamaji: maswali ya walimu

Nina wanafunzi 48 wa Gredi ya 5 na darubini moja. Nianzie wapi? – Mwalimu, Kayole

Anzia macho. Wagawe watano watano, kila kundi na daftari lake, dakika 20 kabla ya kengele ya asubuhi. Waandike ukubwa wa ndege ukilinganisha na shomoro, umbo la mdomo, mkia, na anachofanya. Rangi ije mwisho, maana ndege aliyeupa mwanga mgongo huonekana mweusi tu. Kwenye darubini, mtoto avae ukanda shingoni, amkazie ndege macho, kisha ainue darubini bila kuyabandua. Wengi huinua kwanza ndipo waanze kutafuta, wakaambulia matawi. Wajifunzie kwenye kibao cha shule, na wasiielekeze juani kamwe.

Wanafunzi wanashikilia kwamba makorongo wa pale Uwanja wa Nyayo, Nairobi, wametoka Ulaya.

Wapi! Wale wenye kipara na mfuko unaoning'inia shingoni ni marabu; wapo mwaka mzima na huzaliana papo hapo mjini, juu ya migunga. Korongo mweupe wa Ulaya ana kichwa cheupe chenye manyoya, mdomo na miguu myekundu. Mtafuteni kwenye nyasi za Mbuga ya Nairobi, Desemba au Januari.

Je, mbayuwayu hukimbia baridi?

Hukimbia njaa hasa. Hula wadudu angani, na majira ya baridi Ulaya wadudu hao hawaruki. Huku huanza kuonekana Septemba, na kufikia mwisho wa Aprili wengi wameondoka. Ndiyo maana Siku ya Ndege Wahamaji Duniani, ambayo huangukia Jumamosi ya pili ya Mei na ya Oktoba, shule za Nairobi zingechagua ya Oktoba: Mei mtawaonyesha watoto anga tupu. Darasani, pimeni Berlin hadi Nairobi kwa uzi juu ya tufe, takribani kilomita 6,400; ramani ya ukutani hupotosha umbali. Halafu waambie msafiri mwenyewe ana gramu 20 hivi.

Ndege wanagonga vioo vya maktaba. Tulibandika picha ya mwewe, haikusaidia.

Picha moja huikwepa, wakagonga kioo pembeni yake. Pakeni nukta nyeupe kioo kizima, upande wa nje, zisiachane zaidi ya sentimita 5. Zikiwa ndani, taswira ya anga na miti iliyo juu ya kioo huzifunika. Aliyezubaa awekwe kwenye katoni yenye matundu, mahali pa giza na kimya, bila chakula wala maji. Kumnywesha kunaweza kumpalia. Baada ya saa moja, ifungueni nje. Akishindwa kuruka, waiteni KWS, shirika la wanyamapori la Kenya.

Tubomoe kiota cha mbayuwayu kwenye veranda?

Msibomoe. Mbayuwayu wa Ulaya huzalia kwao. Huyo ni wa hapahapa. Kama kero ni kinyesi, pigilieni ubao chini ya kiota.