Usimpe mtu orodha, mpe wimbo mmoja

Mtu akikuuliza unapenda muziki gani, usimtumie orodha ya nyimbo 50. Atakushukuru, atasikiliza mbili akiwa kwenye matatu, na habari itaishia hapo. Mimi huulizwa mara kwa mara kwa kuwa jamaa zangu wanajua sina kambi: kantri Jumapili asubuhi, pop nikiosha vyombo, jazi usiku watoto wakishalala. Nikiulizwa, nami huuliza kwanza: wewe je, unasikiliza nini? Kisha natafuta wimbo mmoja tu unaoanzia pale alipo.

Nyimbo za aina hiyo hazikosekani, maana mitindo hii mitatu imeoana kitambo. Julai 1930, mjini Los Angeles, Jimmie Rodgers, ambaye wapenzi wa kantri humwita baba wa muziki wao, alirekodi "Blue Yodel No. 9" akiwa na nguli wa jazi Louis Armstrong kwenye tarumbeta na Lil Hardin, mke wa Armstrong, kwenye piano. Rodgers akimaliza mstari, tarumbeta linamjibu. Anayebisha kwamba jazi na kantri hazipikiki chungu kimoja humwekea huo, halafu nanyamaza.

Na asiniambie mtu kwamba kantri ni ya Wamarekani peke yao. Santuri za Rodgers huyohuyo zilifika kwa Wakipsigis, na mwaka 1950 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alipopita huko na mitambo yake ya kurekodi, aliwakuta wasichana wakimwimba Chemirocha, kiumbe nusu mtu nusu mnyama. Jimmie Rodgers ndiye huyo, kapewa jina na umbo jipya Bonde la Ufa. Kurekodiwa kwao kumehifadhiwa, unaweza kuusikia wimbo wenyewe leo kwenye simu yako.

Mjomba wangu ni wa kantri ya Jim Reeves, Skeeter Davis na Don Williams, kama wazee wengi wa rika lake hapa Kenya. Jazi aliiona kelele za watu wasioelewana. Mtu kama huyo ukimwanzishia na mpiga saksofoni wa jazi John Coltrane, tena yule wa miaka yake ya mwisho, atakuuliza ni nani ameumia. Nilimpa Ray Charles, albamu ya 1962 inayoitwa Modern Sounds in Country and Western Music. Humo Charles alichukua nyimbo za kantri, mojawapo "I Can't Stop Loving You" ya Don Gibson, akazipiga kwa bendi kubwa ya tarumbeta na saksofoni na kwa fidla. Maneno mjomba aliyajua tayari, kwa hiyo sikio lake likapata nafasi ya kusikiliza vyombo. Hapo ndipo mlango wa jazi ulipo kwa wengi: wimbo wanaoujua, umevalishwa nguo nyingine.

Baada ya hapo ndipo nikamletea Kind of Blue, albamu ya mpiga tarumbeta wa jazi Miles Davis, iliyorekodiwa New York mwaka 1959. Wengi wetu tukisikiliza muziki usio na mwimbaji hatujui tushike wapi. Dawa yake ni kushika chombo kimoja. Wimbo wa kwanza, "So What", ni besi ya Paul Chambers inayotangulia kusema, na wenzake wanaitikia kwa mapigo mawili. Fuata besi hiyo tangu mwanzo hadi mwisho, wengine waache wapite. Ukirudia, fuata piano ya Bill Evans. Mara ya tatu hutahitaji ushauri wangu. Mjomba alisikiliza hadi mwisho akasema, "Hawa watu hawana haraka," na kwake hiyo ni sifa.

Aliyekulia kwenye rumba na muziki wa dansi simpeleki New York kwanza. Sikio lililozoea Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz, au OK Jazz ya Franco, limeshazoea saksofoni na halichoki na wimbo mrefu. Huyo mpe "Mannenberg" ya Abdullah Ibrahim, mpiga piano wa jazi wa Afrika Kusini, iliyorekodiwa Cape Town mwaka 1974. Ni dakika 13 na ushei za mzunguko uleule wa piano, na juu yake saksofoni ya Basil Coetzee. Mpe akiwa na kazi ya mikono, kupiga pasi au kuchambua mchele.

Vijana wa pop ndio rahisi kuliko wote, sijui kwa nini watu wazima huwaogopa. Mpwa wangu anamhusudu Whitney Houston kwa "I Will Always Love You" ya 1992. Nikamwekea ya Dolly Parton, aliyeutunga wimbo huo alipokuwa akiagana na Porter Wagoner, mwenye kipindi cha televisheni kilichomkuza, akautoa mwaka 1974. Whitney anapanda mlima. Dolly ubeti mmoja hata hauimbi, anauzungumza tu. Nikamwambia aangalie hapo, basi. Sikumsimulia maisha ya Dolly, ingawa ulimi uliniwasha. Sentensi moja ya kumwonyesha mtu pa kutega sikio inatosha, hadithi nyingine zitafuata akizitaka mwenyewe.

Kantri ni maneno, kwa hiyo kama Kiingereza cha Marekani kinakupiga chenga, soma mashairi mara moja kabla ya kusikiliza. "Coat of Many Colors", ya Dolly pia, ya 1971, ina mama anayemshonea mwanawe koti kwa viraka na watoto wa shule wanaomcheka. Nani hapa hajui kisa hicho?

Kwa anayetaka kutoka pop kwenda jazi, njia yangu ni Quincy Jones. Kabla ya kutayarisha Off the Wall ya Michael Jackson mwaka 1979 na Thriller mwaka 1982, alikuwa mpiga tarumbeta kwenye bendi ya jazi ya Lionel Hampton na mpangaji wa muziki wa bendi nyingine ya jazi, ya Count Basie. Sikiliza tarumbeta zinavyoingia na kutoka katika "Don't Stop 'Til You Get Enough", kisha tafuta chochote cha bendi ya Basie. Utaona zilikotoka.

Na kama humjui mtu kabisa, mpe Norah Jones, Come Away with Me ya 2002. Ilitolewa na Blue Note, kampuni ya jazi, ndani yake kuna wimbo wa Hank Williams, mwimbaji wa kantri, na redio ziliipiga kama pop. Mimi mwenyewe nusu yake ya pili hunisinzisha, lakini sijapata kumuudhi mtu kwa albamu hiyo.

Ukishampa mtu wimbo, usikae unamwangalia usoni. Wala kesho yake usimuulize "Umeupenda?", kwa sababu atasema ndiyo kwa adabu. Muulize jambo dogo: pale besi inapoingia, ulisikia? Kama hakusikia, wimbo haukumfaa, tafuta mwingine na usinune.

Tena kubali kupewa. Mpwa wangu alinirudishia Cowboy Carter ya Beyoncé, ya 2024, na mle ndani kuna sauti ya Linda Martell, ambaye mwaka 1969 alikuwa mwanamke Mweusi wa kwanza kuimba peke yake kwenye Grand Ole Opry, jukwaa maarufu la kantri mjini Nashville. Nikaenda kutafuta albamu yake ya 1970, Color Me Country. Kuna wimbo humo, "Color Him Father", unaomsifu mwanamume anayelea watoto wasio wa damu yake. Kabla ya Martell kuuimba kikantri ulikuwa wa bendi ya soul, The Winstons. Huo nimemwekea mjomba akiba, maana yeye hupenda wimbo wenye kisa, na Jumapili atakuja kula kwetu.