Ekseli ya nyuma ya krusa ya zamani: anza na thredi, urefu baadaye

Ndugu yangu wa Mambrui, umesema baiskeli yako ya krusa ya Kimarekani, ile ya breki ya kukanyaga nyuma, ekseli imepinda, fundi amekuletea ya baiskeli ya Black Mamba yenye urefu uleule, na unauliza kama uifunge. Usiifunge bado. Nami nina krusa ya aina hiyo hapa Malindi, ndiyo usafiri wangu wa kila siku, na ekseli yake niliibadilisha mwenyewe. Urefu uache kwanza. Tazama thredi, yaani meno ya skrubu yaliyochongwa kwenye ekseli.

Black Mamba zinafuata kipimo cha Uingereza: unene inchi 3/8, thredi 26 kwa kila inchi. Habu (vitovu vya gurudumu) nyingi za zamani za Marekani za breki ya ndani zina unene huohuo, ila thredi ni 24. Halafu kuna ekseli mpya kutoka Asia, ndizo zimejaa madukani: unene milimita 10, na kutoka jino hadi jino milimita 1. Ukizilaza zote tatu mezani utaapa ni ndugu wa tumbo moja.

Ili kuzijua, weka rula ubavuni uhesabu meno ndani ya inchi moja. Ukipata 24, kazi imekwisha. Tabu ni kati ya 26 na ya milimita, kwa sababu inchi ni milimita 25.4, kwa hiyo ya milimita nayo ina meno kama 25, na kwa jicho huwezi kuona tofauti hiyo. Hapo azima kalipa, kile kipimo cha taya mbili, upime unene. Ya 3/8 itakuwa kama milimita 9.5 au pungufu kidogo, na ile nyingine itakaribia 10. Kama kalipa huna, chukua ekseli yako ya zamani na hiyo mpya, zibane ubavu kwa ubavu meno yaingiane, kisha uziinue mbele ya jua. Zikiwa sawa, zinashikana kote. Zikitofautiana, baada ya meno machache zinaanza kupandana na mwanga unapenya.

Jihadhari sana na nati ya milimita 10 kwenye ekseli ya 3/8. Inaingia kwa ulaini, mtu anadhani imekubali, kumbe inaning'inia kwenye ncha za meno tu. Ukiikaza kwa spana inayakwangua, na siku ya mzigo gurudumu linahama. Baiskeli yako breki yote iko ndani ya habu hiyo. Cheni ikitoka kwa sababu gurudumu limekaa upande, huna cha kukusimamisha, na wewe unavuka daraja la Sabaki huku lori liko nyuma yako. Nati sahihi unaizungusha kwa vidole mwanzo hadi mwisho, haikwami wala haichezi.

Thredi zikikubali, angalia koni, zile nati za mviringo kwenye ekseli zinazobana gololi. Zisafishe kwa mafuta ya taa, kisha pitisha ukucha pale gololi zinapokimbilia. Ukucha ukikwama kwenye shimo, koni hiyo imekufa, na kuivalisha ekseli mpya ni kupoteza hela. Kwa maoni yangu, ni heri ununue habu chakavu nzima ya aina yako, ukavua ekseli pamoja na koni zake, kuliko ekseli mpya inayong'aa ambayo koni zake hazijulikani zilikotoka. Hata kabla ya kulipa, iviringishe juu ya kioo cha dirisha. Iliyonyooka inakwenda kimya. Iliyopinda utaona ncha zake zinayumba.

Kabla ya kufungua ya zamani, pima kutoka ncha ya ekseli hadi koni isiyotoka, kila upande, uandike. Habu hizi pande zake mbili si lazima zilingane, na ukikosea hapo gurudumu halitakaa katikati ya fremu.

Sasa urefu. Fremu nyingi za gia moja zina nafasi ya milimita 110 kati ya masikio ya nyuma (vile vyuma vyenye mwanya ambamo ekseli inakaa), lakini pima yako. Juu ya hiyo ongeza unene wa masikio, mkono wa breki, vyuma vya madigadi, vya keria, pete za washa na nati. Kwa kuwa unabebea madafu, keria yako bila shaka ni nene, basi chukua ndefu kidogo. Inayozidi utaikata kwa msumeno wa chuma, ila kwanza ingiza nati mpaka ndani ya pale utakapokata. Ukiitoa baadaye inanyoosha meno yaliyovurugwa na msumeno.

Na usifunge bila kujua kwa nini ya kwanza ilipinda. Mara nyingi masikio ya fremu hayatazamani, kila ukikaza nati unaikunja ekseli. Mkono wa breki nao lazima ufungwe kwa klipu yake kwenye bomba la fremu. Ukiachwa huru, ukikanyaga breki utazunguka pamoja na ekseli.

Grisi tumia ya kuhimili joto, maana breki hiyo ni chuma kwa chuma, na wakati wa kaskazi chumvi inaingia kila mahali, kwa hiyo paka hata meno ya nje chini ya nati.

Ukishapima, niandikie hapa idadi ya thredi, unene na nafasi ya masikio, pamoja na jina lililochorwa kwenye mkono wa breki. Nina boksi la habu kuukuu nyumbani, nitakutazamia.