Benchi la wenye kikohozi liwekwe kivulini

Mwenzangu mmoja aliyefungua zahanati kule Pongwe alinipigia simu juzi. Alitaka kujua ajiandae vipi endapo janga la mafua litazuka tena duniani na kutufikia, na swali lake la kwanza lilikuwa anunue maboksi mangapi ya barakoa. Nikamwambia hesabu ya barakoa nitampa, ila aanze na benchi. Akadhani simu haisikiki vizuri. Nilimuahidi nitamwandikia, na nimeona bora niandike hapa ili wasome na wengine wanaoendesha zahanati ndogo kama zetu.

Mimi ni tabibu. Zahanati yetu iko Ngamiani, Tanga mjini, ndani ya nyumba ya zamani ya kuishi tuliyoigeuza: baraza mbele, korido ndefu katikati, vyumba huku na huku, ua nyuma. Watumishi tuko saba.

Mwaka 2020, korona ilipoingia, tulifanya kama tulivyosikia wengine wanafanya. Tulitoa kiti kimoja cha plastiki, tukakiweka nje kabisa juani, karibu na pipa la taka, na juu yake tukabandika karatasi: WENYE KIKOHOZI. Tukajiona tumemaliza kazi. Asubuhi moja akaja mzee wa mtaani kwetu, mtu anayeheshimika, mgonjwa wetu wa presha wa miaka mingi. Anakohoa. Dada wa mapokezi akamwonyesha kile kiti. Mzee akakitazama, akanitazama mimi niliyesimama mlangoni.

"Mwanangu, leo mimi ni wa kukaa na taka?"

"Shikamoo baba. Ni utaratibu tu, baba, kwa usalama wa wote."

"Marahaba. Basi mimi narudi kwangu."

Akaondoka. Siku ya nne wanawe walimleta kwa bajaji, midomo imebadilika rangi, kipima oksijeni cha kidole kinasoma asilimia 84. Tulimkimbiza hospitali ya Bombo. Alipona, namshukuru Mungu, lakini siku zile nne alizopoteza nyumbani ni sisi tuliompotezea. Na madhara hayakuishia kwake. Habari ilizunguka mtaani, na kuanzia hapo wagonjwa wakajua la kufanya: ukifika pale kibane kikohozi chako, useme unaumwa tumbo. Wakawa wanakaa koridoni katikati ya wajawazito, wanakohoa ndani ya khanga.

Ndiyo maana nasema anza na benchi. Sasa hivi tuna benchi refu lenye egemeo chini ya mwarobaini, ubavuni mwa nyumba, mahali pazuri kuliko pote tulipo napo. Ndoo ya maji yenye koki iko pale pale na sabuni yake. Anayekohoa au mwenye mafua na homa anapokelewa na mtu aliyefundishwa maneno: "Karibu baba, keti hapa kivulini, daktari anakufuata wewe kwanza." Anapewa barakoa mkononi, si kurushiwa. Na kweli tunamhudumia kwanza, hapangi foleni. Daftari la mapokezi linamfuata alipo, dawa zinaletwa alipo, anaondoka bila kukanyaga koridoni. Ukimfanya mwenye kikohozi asubiri zaidi ya wengine, atakuficha kikohozi. Ukimfanya awe wa kwanza, atakuambia mwenyewe kabla hujamuuliza. Nadhani hata ukisahau mengine yote niliyoandika hapa, hili litakusaidia.

Neno lenyewe "mafua" linatuponza. Kwetu mafua ni jambo la kupangusa pua na kunywa chai ya tangawizi. Lakini mafua makali ya mwaka 1918 yanakadiriwa kuua watu wapatao milioni 50 duniani, na ajabu yake ni kwamba yaliwamaliza sana vijana wenye nguvu, wa miaka 20 hadi 40. Huku kwetu Afrika Mashariki yaliingia kwa meli bandarini, kisha yakapanda bara na reli, pamoja na askari na wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza. Tanga tuna bandari na reli mpaka leo, na mabasi ya Horohoro, Dar na Arusha yanaingia na kutoka kutwa. Yakaja mengine 1957, 1968 na 2009. Lile la 2009 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kuwa ni janga mwezi Juni, na chanjo yake ikaanza kupatikana miezi kadhaa baadaye, tena nchi tajiri zikiwa mbele ya foleni. Kwa hiyo miezi ya mwanzo zahanati itajitegemea kwa sabuni, barakoa, nafasi na hewa.

Hewa ndiyo watu wengi wanaisahau. Mwenye virusi vya mafua huanza kuumwa siku 1 hadi 4 baada ya kuambukizwa, na anaweza kuambukiza wengine tangu siku moja kabla hajaanza kuumwa. Maana yake benchi lako, hata likiwa zuri namna gani, halitawanasa wote. Wapo watakaoingia ndani wakiwa wazima machoni pako. Hapo unalindwa na upepo.

Nitakueleza tulivyopima hewa yetu, maana haikutugharimu chochote. Mhudumu wetu wa usafi, mama mtu mzima tunayemwita Bibi, alileta chetezo chake kutoka nyumbani. Jumapili moja, zahanati ikiwa imefungwa, tulitia makaa na ubani, tukakiweka pale anapokaa mgonjwa katika chumba cha daktari, halafu tukatulia tukautazama moshi. Nilitegemea utoke dirishani. Haukutoka. Ulipanda ukagonga dari, ukatambaa juu ya ukuta ambao haukufika darini, ukashukia chumba cha pili. Chumba cha pili ndicho cha kliniki ya mama na mtoto. Bibi akasema taratibu, "Kumbe kila anayekohoa huku, anawakoholea wale watoto." Nilipata baridi mwilini. Miaka yote ile!

Tulifanya mambo matatu. Tuliziba ule uwazi kwa mbao. Tuliosha wavu wa mbu wa dirishani uliokuwa umeziba kwa vumbi mpaka hewa haipiti, na sasa unaoshwa kila mwezi. Tukageuza meza: upepo wa bahari unaingia kwa dirisha la mashariki, basi daktari anakaa upande wa dirisha na mgonjwa upande wa mlango wa uani, upepo unapita kwangu kwanza, kisha kwake, kisha nje. Feni ya mezani tumeielekeza njia hiyo hiyo. Tukarudia ubani, safari hii moshi ukatoka uani kwa muda mfupi sana. Rudia kipimo hiki kaskazi ikigeuka kuwa kusi, maana upepo ukibadilika chumba nacho kinabadilika. Moshi ukikawia chumbani, jua na pumzi ya mgonjwa inakawia.

Sasa barakoa. Wimbi moja la janga la mafua katika mji huweza kukaa wiki 6 hadi 8. Chukua 8. Sisi ni saba, kila mtu barakoa 2 kwa siku, siku 6 za kazi: 84 kwa wiki, 672 kwa wimbi zima. Boksi lina 50, kwa hiyo maboksi 14 ya watumishi peke yao. Ongeza za wagonjwa wa benchini. Hesabu wenye kikohozi uliowaandika kwenye rejista za MTUHA, yaani madaftari ya takwimu za wagonjwa, katika wiki yako mbaya kuliko zote mwaka jana, uizidishe mara mbili. Usinunue yote siku moja. Sisi tuliongeza boksi moja kila mwezi mpaka tukafika, na tunatumia za zamani kwanza ili zisipitwe na muda. Mwaka 2020 nilisubiri mpaka watu wakaanza kugombania, nikanunua kwa bei ambayo mpaka leo inaniuma. Glavu, sabuni na vitakasa mikono vinafuata hesabu hiyo hiyo.

Jiki usiichanganye kwa kukisia. Ile yenye klorini asilimia 3.5, kikombe kimoja kwa vikombe 6 vya maji inakupa asilimia 0.5, ya kufutia palipomwagika damu au matapishi. Ya kufutia meza, vitasa na benchi, kikombe kimoja kwa vikombe 34 inatosha. Changanya upya kila siku.

Kitu kilichokaribia kutufunga mwaka ule hakikuwa dawa. Tulikuwa makini mbele ya wagonjwa, halafu saa nne asubuhi wote saba tunajibana kwenye chumba kidogo cha stoo, barakoa kidevuni, tunakunywa chai na kula viazi karai kwenye sahani moja. Wanne waliugua ndani ya wiki moja. Dada wa mapokezi alikuwa mmojawapo, na ndipo tulipogundua kwamba ni yeye peke yake anayejua kujaza madai ya bima kwenye kompyuta. Mwezi ule hela haikuingia, na mshahara ulichelewa. Chai sasa inanywewa uani, watu wawili wawili. Na mara mbili kwa mwaka tunafanya zoezi: nachagua watumishi watatu bila kuwaambia mapema, wanakaa pembeni nusu siku kama vile wanaumwa, waliobaki wanaendesha zahanati. Kila mara tunagundua funguo au neno la siri ambalo lina mwenyewe mmoja tu. Na mtumishi anayeumwa anabaki nyumbani na mshahara wake unaingia. Ukimkata siku, atakuja kazini anatetemeka na atawaambukiza wagonjwa.

Wenye kisukari na presha tuna namba zao za simu kwenye daftari moja. Wimbi likianza tutawapa dawa za miezi miwili kwa mkupuo ili wasije kukaa foleni na wenye homa. Kliniki ya watoto itakuwa asubuhi peke yake. Chanjo zao zisisimame hata siku moja, surua haisubiri mafua yaishe.

Kwenye matibabu nina machache. Huku pwani kila homa inaitwa malaria, na mwaka 2019 dengi ilitukumbusha kwamba sivyo. Lakini janga lisikufanye uache kupima malaria. Pima kila mwenye homa, hata kama anapiga chafya mbele yako. Antibayotiki haziui virusi vya mafua, usizigawe ili mgonjwa aondoke ameridhika. Ila mgonjwa aliyeanza kupata nafuu, kisha homa ikarudi na kifua kikambana, huyo ana uwezekano wa nimonia ya bakteria, na ndiyo iliyoua wengi mwaka 1918. Watoto wenye mafua wasipewe aspirini. Dawa ya oseltamiviri, inayopambana na virusi vya mafua, ukiipata, inafaa zaidi ikianzwa ndani ya saa 48 tangu dalili zianze, na mjamzito asicheleweshwe. Kipima oksijeni kikisoma chini ya 94 simwachi mgonjwa aende zake bila kumwangalia tena. Chini ya 90 ni dharura, natafuta usafiri. Namba ya dereva wa bajaji anayekubali kubeba mgonjwa usiku imeandikwa ukutani, pamoja na ya ofisi ya Mganga Mkuu wa Jiji. Ukiona wenye homa na kikohozi wameongezeka ghafla kuliko kawaida ya msimu, piga simu siku hiyo hiyo, usingoje ripoti ya wiki.

Na wale wanaojifukiza na kunywa malimao na tangawizi, usiwacheke. Mwambie mama anywe, inampa faraja, lakini akiona mtoto anapumua haraka au amekataa kunyonya, aje saa hiyo hiyo.

Bado tuna tatizo moja. Masika yakianza, mwarobaini hauzuii mvua, na mwaka jana kwa wiki nzima wenye kikohozi walirudi koridoni. Makuti tumeshanunua, yako uani. Fundi amesema Jumatatu anakuja kusimamisha nguzo.