Kuingia katika kazi ya kupanga ratiba za miradi ya umeme bila uzoefu wake

Vijana wengi wa Nairobi wanaotaka kazi ya kupanga ratiba katika sekta ya nishati huuliza kwanza wasomee programu gani ya kompyuta, na wakitajiwa Primavera, ambayo ni ya kupangia ratiba za miradi, hukimbilia cheti. Programu hiyo ni lazima uifahamu, kwa kuwa wakandarasi wakubwa huitumia, lakini kuitumia hufundishika upesi. Kinachomfanya mtu aajiriwe ni kujua kazi ipi haiwezi kuanza kabla ya nyingine kukamilika, na kwa sababu gani. Na wengi wenu mna sehemu ya ujuzi huo bila kuutambua.

Aliyekuwa karani kwenye ujenzi wa fleti Kileleshwa anajua kwamba mbao za kushikilia zege haziondolewi kabla zege halijakomaa. Aliyefanya kazi ya stoo huko Industrial Area anajua kwamba bidhaa kutoka ng'ambo haihesabiwi kuwa imefika mpaka forodha iiachilie. Kwa hivyo, katika wasifu wako usiishie kuandika kwamba ulikuwa karani: eleza ulifuatilia maagizo gani, ulimwarifu nani yalipochelewa, na uamuzi gani ulifuata.

Kisha chagua mradi mmoja uuelewe kwa undani. Mashirika ya umma kama KETRACO, linalojenga laini kubwa za umeme, na KenGen, linalozalisha umeme, huweka nyaraka za zabuni kwenye tovuti zao. Chukua ya kituo kidogo cha umeme (substation) uiandalie ratiba yako mwenyewe. Fikiria transfoma yake kuu. Huundwa kiwandani ng'ambo, hupimwa huko mbele ya wawakilishi wa mnunuzi, husafirishwa hadi bandari ya Mombasa, na ikiwa uzito wake umepita kiwango cha kawaida, huhitaji kibali maalumu cha KeNHA, mamlaka ya barabara kuu, kabla ya kupita barabara kuu. Ikifika, sharti msingi wake wa zege uwe umekomaa; ikishasimikwa hutiwa mafuta na kupimwa tena, na haiunganishwi na gridi mpaka waongozaji wa gridi ya taifa waidhinishe saa za kuzima laini inayohusika. Wanaoanza hupanga siku za kuvuta nyaya kwa uangalifu mkubwa, halafu kibali wanakiandikia siku moja tu, ilhali ni vibali na fidia za ardhi zinazokwamisha miradi mingi.

Mradi wa upepo wa Ziwa Turkana unastahili kusomwa na kila mpangaji. Mitambo yake 365, yenye uwezo wa megawati 310, ilikuwa imesimikwa yote mwaka 2017, lakini umeme haukuingia kwenye gridi mpaka Septemba 2018, kwa sababu laini ya zaidi ya kilomita 400 kutoka Loiyangalani, ulipo mradi, hadi Suswa haikuwa tayari: mkandarasi wake wa kwanza alifilisika, na ardhi ya kupitishia nyaya ilichukua muda kupatikana.

Unapotafuta nafasi, anza na wakandarasi wadogo wanaopewa kazi za misingi na nyaya na kampuni kubwa, kwani mara nyingi hawana mtu wa kuandaa ripoti ya maendeleo ya kila wiki. Omba kazi hiyo, hata kama cheo chake ni cha karani, na uende mwenyewe kwenye eneo la ujenzi. Fomeni akikwambia misingi imefika asilimia 80, muulize ni mingapi imemwagwa zege kati ya mingapi, maana wengine huhesabu mashimo yaliyochimbwa.

Nenda kwenye mahojiano na ratiba uliyoiandaa. Ukiulizwa itakuwaje transfoma ikikwama bandarini wiki tatu, usikimbilie kujibu kwamba mradi mzima utachelewa wiki tatu. Angalia kwanza ratiba ilikuwa na siku ngapi za ziada kabla ya siku ya kusimika, taja kazi zinazoweza kuendelea wakati huo, kisha useme ni lini utaomba upya saa za kuzima laini, kwa sababu zile za awali hutazitumia tena.