Lipu ya saruji juu ya tembe

SWALI: Babu alituachia tembe, nyumba ya nguzo na udongo yenye paa bapa. Mwaka jana tuliipiga lipu ya saruji ili mvua isiile. Sasa lipu imepasuka, ukiigonga inalia kama debe, na nguzo zinaoza chini. Nimeona picha ya Guildhall ya Lavenham, Uingereza, nyumba ya mbao na udongo iliyojengwa karibu mwaka 1530. Wenzetu wanafanyaje?
Msomaji, Mpwapwa

JIBU: Nyumba za aina hiyo ni ndugu wa tembe. Katikati ya nguzo za mwaloni husukwa fito, kisha hukandikwa udongo wenye mabua na samadi. Tofauti kubwa iko chini: nguzo zao husimama juu ya boriti iliyolazwa kwenye msingi wa mawe. Zako zimechimbiwa ardhini, penye unyevu na mchwa.

Saruji imeongeza balaa. Udongo hunywa maji na kuyatoa, saruji huyafungia. Maji yakipenya kwenye ufa hayana pa kutokea, hivyo hushuka hadi kwenye mashina ya nguzo. Zaidi ya hayo, udongo huvimba na kunywea, saruji haifuati, ndipo inapobanduka. Waingereza nao waliharibu nyumba nyingi hivi hivi. Leo kubadili jengo lililoorodheshwa kulindwa bila kibali ni kosa la jinai kwao, na tunaona wamefanya vyema.

Bandua saruji kwa patasi polepole, kuanzia inapolia; usitumie nyundo kubwa. Acha ukuta ukauke wiki kadhaa. Nguzo iliyooza ikate hadi penye mti mzima, baada ya kuegemeza paa kwa miti, kisha ukalishe kipande kipya juu ya jiwe.

Kwa kukandika, changanya ndoo 1 ya udongo wa kichuguu na 2 za mchanga, nusu ndoo ya nyasi zilizokatwakatwa na samadi kidogo. Uache ulale siku mbili au tatu. Lowesha ukuta, kandika sentimita 1 hadi 1.5, funika kwa magunia mabichi jua lisiukaushe haraka. Ukikauka, kandika tabaka la pili jembamba, halafu paka chokaa nyepesi kama maziwa mara nne. Vaa glavu na miwani, chokaa huunguza.

Jaribu kwanza mita moja ya mraba. Ikipasuka sana, ongeza mchanga. Ikipukutika, ongeza udongo. Fanya kazi hii kati ya Juni na Septemba.